Kwa Nini Mkono Haupeleki Mpira Mbele

Tangu nianze kufundisha raga hapa Bujumbura, swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kama shabaha ni kufika upande wa pili wa uwanja, mbona ni marufuku kumrushia mwenzako aliye mbele? Wanaouliza ni wazazi wanaosimama pembeni mwa kiwanja, vijana wauza karanga, wapita njia waliosimama kushangaa, na watoto wenyewe. Wote wamelelewa na soka. Mtoto wa mtaa wa Buyenzi anajua tangu hajaanza shule kwamba mpira hutangulizwa na mwenye mbio huufuata. Mpe mpira wa raga mkononi, na jambo la kwanza atakalofanya ni kumtafuta rafiki yake aliyekwisha kutimka kuelekea magoli. Nikipuliza filimbi ananitazama kama mtu aliyeonewa.

Binti mmoja kutoka mtaa wa Kinama ndiye aliyeniuliza kwa ukali unaostahili. Alikuwa amepiga mpira kwa mguu, ukaenda mbele, nikanyamaza. Dakika chache baadaye akaurusha kwa mkono, ukaenda mbele, nikasimamisha mchezo. Akaja hadi mbele yangu, jasho linamtoka, akasema: "Kocha, kwa mguu inaruhusiwa, kwa mkono hairuhusiwi. Mkono umekosa nini?"

Swali hilo lina jibu, na jibu lake limebeba historia nzima ya mchezo huu. Mimi mwenyewe nililipata kidogo kidogo. Nimezaliwa Buyenzi, lakini raga nilijifunzia Nairobi, shule ya sekondari, miaka ambayo familia yetu ilikuwa ukimbizini. Niliporudi nyumbani nilikuta mchezo upo, mdogo, wenye watu wachache wanaoupenda kweli. Burundi ina shirikisho lake la raga, na timu ya taifa imewahi kupambana na majirani, Rwanda ikiwemo. Kinachokosekana ni watazamaji wanaoelewa wanachokiona. Mtu akishaielewa pasi ya raga, ameielewa raga.

Nianze na sheria ilivyo leo. Katika kitabu cha sheria cha World Rugby, jambo hili limo katika Sheria ya 11. Mbele maana yake ni upande wa mstari wa mwisho kabisa wa wapinzani, ule uliochorwa nyuma ya magoli yao. Mchezaji akirusha mpira au akimpa mwenzake kwa mikono kuelekea huko, amefanya kosa. Pasi ya sambamba kabisa, ya kulia au kushoto, inaruhusiwa. Pasi ya nyuma inaruhusiwa kwa namna yoyote unayoweza kuifikiria: kwa mikono miwili, kwa mmoja, juu ya kichwa, kupitia mgongoni, hata kwa kuubingirisha mpira ardhini. Sheria haina habari na mtindo. Inachouliza ni upande gani tu.

Adhabu ya kukosea bila kukusudia ni skramu: mchezo unarudi mahali kosa lilipofanyika, wachezaji wa mbele wa timu zote mbili wanashikana na kusukumana, na timu ambayo haikukosea ndiyo inayoingiza mpira. Ukirusha mbele makusudi ni penalti, na hiyo inaweza kuwapa wapinzani pointi tatu wakiupiga mpira katikati ya nguzo. Lakini kabla ya kupuliza filimbi refa husubiri kidogo aone kama wapinzani wamefaidika na kosa lile. Wakiwa wameunyakua mpira na wanakimbia nao, huwaacha waendelee. Kuna ukarimu katika kanuni hiyo ambao naupenda: mchezo haukatizwi kwa sababu tu kuna mtu wa kulaumiwa.

Hapa kwetu waamuzi wengi hutumia Kifaransa, nao husema en-avant kwa makosa mawili yanayofanana: kurusha pasi mbele, na kuuponyokesha mpira mikononi ukaanguka mbele. Ukiwa pembeni, tazama mikono ya refa. Kwa pasi ya mbele, huiga kwa mikono miwili mtu anayerusha mpira usioonekana kwenda mbele. Kwa mpira ulioponyoka, huinua mkono mmoja juu ya kichwa na kuupungapunga kiganja. Ukizijua ishara hizo mbili, hutahitaji kumuuliza jirani kilichotokea.

Sasa nifike mahali ambapo hata watazamaji wazoefu hugombana. Sheria inaitazama mikono ya anayetoa pasi, ilikuwa inasukuma upande gani. Haipimi mpira ulidakwa wapi juu ya nyasi. Tofauti hiyo ni kubwa, na nimeona kwamba hakuna anayeielewa mpaka nimwonyeshe mfano wa barabara ya Bugarama. Kila Mrundi anawajua vijana wanaoteremka milimani kwa baiskeli kuja mjini, mikungu ya ndizi imefungwa nyuma, wakipita magari kwenye kona. Kijana wa namna hiyo akila ndizi na kulitupa ganda nyuma yake taratibu, ganda haliangukii nyuma ya pale alipoliachia. Linaanguka mbele zaidi, chini ya mteremko, kwa sababu lilikuwa linasafiri naye. Lakini yeye alilitupa nyuma, na akigeuka ataliona liko nyuma yake.

Ndivyo ilivyo kwa mkimbiaji wa raga. Chukua mchezaji anayekwenda mita 8 kwa sekunde. Mikono yake inautuma mpira pembeni, na wakati huohuo inaurudisha nyuma kwa mita 2 kwa sekunde. Mpira ukikaa hewani sekunde moja, utadakwa mita 6 mbele ya mahali ulipoachiliwa. Mwenye kutoa pasi, kama hakuangushwa, atakuwa amesogea mita 8. Kwa hiyo mwenzake ameupokea akiwa mita 2 nyuma yake, na pasi ni halali kabisa. Shida inakuja pale mtoa pasi anapoangushwa mara tu mpira ukitoka mkononi. Yeye amesimama, mpira unaendelea, na anayetazama kutoka pembeni anaona mpira umedakwa mbele ya mtu aliyelala chini. Uwanja mzima unalia "mbele!" na refa anaacha mchezo uendelee. Mara nyingi refa ndiye mwenye haki.

Mara nyingi, si mara zote. Tarehe 6 Oktoba 2007, mjini Cardiff, Ufaransa ilikutana na New Zealand katika robo fainali ya Kombe la Dunia. Kipindi cha pili, Damien Traille alimpa Frédéric Michalak pasi iliyokwenda mbele bila shaka yoyote, Michalak akakimbia, akampa Yannick Jauzion, na Jauzion akafunga trai, yaani akaugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa magoli ya wapinzani. Ufaransa ilishinda 20 kwa 18. Refa, Wayne Barnes wa Uingereza, alikuwa na umri wa miaka 28, naye hakuiona kwa sababu ya pembe aliyokuwapo. Mwamuzi wa video wakati ule hakuruhusiwa kurudi nyuma kuchunguza pasi, aliulizwa tu juu ya tendo lenyewe la kufunga. Barnes alitukanwa na kutishiwa kuuawa na watu wasiomjua. Aliendelea na kazi, na mwaka 2023 ndiye aliyechezesha fainali ya Kombe la Dunia. Nawasimulia habari hiyo vijana wanaotaka kuwa waamuzi, kwanza ili wajue kwamba pasi moja inaweza kuitoa timu bora kwenye mashindano, na pili ili wajifunze kukimbia sambamba na mpira, maana ndiko mahali pekee ambapo jicho linaona mikono vizuri.

Hiyo ndiyo sheria. Lakini binti wa Kinama hakuniuliza sheria inasema nini. Aliuliza mkono umekosa nini.

Jibu liko katika mji mdogo wa Rugby, katikati ya Uingereza, kwenye shule ya wavulana iliyoupa mchezo jina. Watu wengi wameisikia hadithi ya William Webb Ellis, mwanafunzi ambaye mwaka 1823, kwa dharau ya kanuni za siku zile, aliubeba mpira mikononi na kukimbia nao. Hadithi hiyo iliandikwa na Matthew Bloxam mwaka 1876, miaka minne baada ya Ellis mwenyewe kufariki, na Bloxam alikuwa amekwisha kuondoka shuleni kabla ya mwaka huo wa 1823. Wanafunzi wa zamani wa shule waliunda kamati mwaka 1895 kuchunguza, wakatoa ripoti mwaka 1897, na hawakupata hata mtu mmoja aliyeliona tukio kwa macho yake. Hata hivyo jiwe la kumbukumbu liliwekwa, na tangu 1987 kombe la dunia lina jina lake.

Mimi siigombanii hadithi ya Ellis. Ninachotaka msomaji akitambue ni kwamba haina neno lolote kuhusu pasi. Inazungumzia kukimbia tu. Na wala kuushika mpira kwa mikono hakukuwa ajabu shuleni pale. Mpira ukiruka angani ulikuwa huru kuudaka, ukarudi nyuma kidogo, ukaupiga kwa mguu. Kilichokuwa kigeni ni kwenda nao mbele ukiwa umeukumbatia. Mwishoni mwa miaka ya 1830 alitokea kijana mwingine, Jem Mackie, ambaye kwa nguvu na mbio zake aliifanya tabia hiyo iwe ya kawaida, na kufikia msimu wa 1841 na 1842 wanafunzi waliiruhusu rasmi.

Waliiruhusu kwa masharti, na hapa ndipo penye utamu wote wa jambo hili. Lazima uudake mpira uliodunda, si kuuokota ukiwa umetulia. Lazima uwe hukutangulia mbele ya mpira kabla ya kuudaka. Na lazima uufikishe wewe mwenyewe hadi mstari wa magoli na kuugusisha chini. Kumkabidhi mwenzako njiani kulikatazwa. Soma tena sharti hilo la mwisho. Ruhusa ya kwanza ya kukimbia na mpira iliikataa pasi waziwazi, ya mbele na ya nyuma pia. Mchezo ambao leo tunausifu kwa pasi zake ulizaliwa pasi zikiwa marufuku.

Ndiyo maana namjibu binti kwamba mkono haujakosa kitu. Mchezo wenyewe ulikuwa wa miguu, na kazi ya kuupeleka mpira mbele ilikuwa ya miguu tangu mwanzo. Mkono uliingia baadaye, ukapewa nafasi hatua kwa hatua: kwanza kudaka, kisha kukimbia, mwisho kurusha. Kila hatua ilikuja na sharti lake. Mguu haukuwahi kunyimwa haki yake ya zamani, na mpaka leo ukitaka mpira uende mbele bila wewe, njia iliyo wazi ni kuupiga teke.

Chini ya hayo yote kuna kanuni kongwe kuliko pasi: aliye mbele ya mpira hayumo mchezoni. Wavulana watatu wa shule ile waliandika sheria kwa mara ya kwanza mwezi Agosti 1845, na kanuni hiyo imo. Mpira ulikuwa ni kitu cha kugombewa ana kwa ana, kundi kwa kundi. Kusimama karibu na goli la wapinzani ukisubiri kuletewa kulionekana ni uviziaji usio na heshima. Mchezaji alipaswa kuwa upande wake, yaani nyuma ya mpira, pamoja na wenzake. Ukishaikubali kanuni hiyo, katazo la kurusha mbele linakuja lenyewe, kwa kuwa huko mbele hakuna mwenzako mwenye haki ya kuupokea.

Mpenzi wa klabu yetu ya soka ya Vital'O anaweza kushangaa kusikia kwamba soka nayo ilianza hivyohivyo. Chama cha soka kilipoundwa London mwaka 1863, sheria zake za kwanza zilisema kwamba mwenzako akiupiga mpira nawe uko karibu zaidi na goli la wapinzani, huruhusiwi kuugusa. Pasi ya kupenyeza mbele, ile tunayoishangilia leo, ilikuwa kosa. Mwaka 1866 wakalegeza: aliye mbele yuko halali kama kuna wapinzani watatu kati yake na goli. Mwaka 1925 wakapunguza wakawa wawili. Kuotea kwa leo ni mabaki ya kanuni ile. Na Marekani, ambako raga ilivuka bahari ikageuzwa kuwa mchezo mwingine, pasi ya mkono kwenda mbele iliruhusiwa mwaka 1906, baada ya vifo vingi vya wachezaji mwaka 1905 kumfanya hata Rais Theodore Roosevelt aingilie kati. Michezo mitatu yenye asili moja, na katika hiyo mitatu ni raga pekee iliyobaki na kanuni ya zamani karibu kama ilivyokuwa. Nadhani ilifanya vema, na nitaeleza kwa nini.

Lakini kwanza pasi ilivyopata uhai. Tarehe 26 Januari 1871 wawakilishi wa vilabu 21 walikutana London wakaunda chama cha raga cha Uingereza. Wanasheria watatu, wote wanafunzi wa zamani wa shule ya Rugby, wakaandika sheria 59. Humo pasi ilitajwa wazi: ni halali kuurusha mpira nyuma kuelekea goli lako, au kumpa mwenzako aliye nyuma yako, na si halali kuurusha kuelekea goli la wapinzani. Ukifanya hivyo, nahodha wa upande wa pili aweza kudai mpira urudishwe palepale ulipotoka. Miaka zaidi ya 150 imepita, na hukumu ya leo bado ina sura ileile.

Kuruhusiwa ni kitu kimoja, kutumiwa ni kingine. Mechi ya kwanza kati ya mataifa, Scotland na Uingereza, ilichezwa Edinburgh tarehe 27 Machi 1871, wachezaji 20 kila upande, wengi wao wakiwa ni wa kusukumana katika fungu moja kubwa la miili. Kumpa mwenzako mpira ulipokabwa kulihesabiwa na wengi kuwa ni woga. Mwanamume aliupigania mpaka pumzi ya mwisho. Mwaka 1877 mechi za mataifa zilipunguzwa hadi wachezaji 15, nafasi ikapatikana uwanjani, na mwanzoni mwa miaka ya 1880 Chuo Kikuu cha Oxford, chini ya nahodha Harry Vassall, kikafanya jambo lililobadili kila kitu: pasi kutoka kwa wazito wa mbele kwenda kwa wepesi wa nyuma, na pasi ndefu kati ya wale wepesi wenyewe. Alan Rotherham, aliyecheza nafasi ya kiungo, ndiye aliyeonyesha kwamba mchezaji wa katikati anaweza kuwa mtoaji badala ya mkimbiaji tu. Mwaka 1884 klabu ya Cardiff ikaongeza mtu wa nne katika mstari wa nyuma ili mchezaji wake Frank Hancock apate nafasi, na mpangilio huo ndio tunaoutumia mpaka leo. Miaka ya 1930 Danie Craven wa Afrika Kusini akaipa umaarufu pasi ya kujirusha, namba 9, yule anayeutoa mpira kwenye skramu, akiruka mwili mzima ili mpira ufike mbali kabla hajakabwa.

Hakuna aliyebadili upande wa pasi. Walibadili tu kasi, umbali na mpangilio wa watu.

Na sasa kwa nini nasema walifanya vema. Katika raga, mwenye mpira yuko mbele ya timu yake yote. Mbele yake kuna wapinzani watupu. Hawezi kuona wenzake bila kugeuza shingo, na hakuna msaada utakaokuja kutoka kule anakokwenda. Msaada wote uko nyuma. Kwa hiyo wenzake hawana ruhusa ya kupumzika: ni lazima wamfuate, wapangike, wapaze sauti. Ukitaka kujua timu nzuri usimtazame mwenye mpira. Tazama wale wawili watatu walio nyuma yake, jinsi wanavyopunguza mwendo ili wasimpite, kisha wanavyochomoka mpira unapokuja.

Mazoezini hilo ndilo gumu kuliko yote. Tunafanyia kwenye uwanja wa wazi upande wa juu wa mji, maana kule chini karibu na ziwa Tanganyika maji ya mwaka 2024 yalitufukuza. Nawapanga watoto wanne katika mstari wa mshazari: wa kwanza mbele, wa pili hatua chache nyuma na pembeni, wa tatu na wa nne vivyo hivyo. Wanakimbia, mpira unatoka kwa wa kwanza hadi wa nne. Mara za mwanzo mstari unanyooka kabla hawajafika katikati ya uwanja, kwa kuwa kila mtoto ana haraka ya kuwa karibu na mpira. Anampita mwenzake. Anayetaka kutoa pasi anageuka na kukuta watu wote wako mbele yake, hana wa kumpa. Hapo sipulizi filimbi. Namwacha asimame na mpira mkononi, wenzake waone walichomfanyia.

Nikiwa nao karibu naanza na mikono. Mpira wa raga una uzito wa gramu 410 hadi 460 na urefu wa karibu sentimita 30, na umbo lake la yai linamtia hofu mtoto aliyezoea mduara. Namwambia aushike kwa vidole vilivyotawanyika, viganja visiukandamize, mkono mmoja kila ubavu. Viwiko vilegee kidogo. Kisha amwangalie anayempa, maana mpira hufuata macho. Kifua kinageuka upande wa mpokeaji huku miguu ikiendelea kwenda mbele, na mikono inapita mbele ya tumbo kutoka nyonga moja hadi nyingine. Mwishoni vidole vya mikono yote miwili vinabaki vimemwelekea mpokeaji. Hapo ndipo ninapotazama. Vidole vikiishia pembeni na nyuma kidogo, pasi ni halali hata kama mpira umeonekana kusogea. Vikiishia kuelekea nguzo za wapinzani, hata kama mpira ulikwenda hatua moja tu, ni kosa.

Mpokeaji naye ana kazi. Anyooshe mikono kuelekea kwa mtoaji mapema, vidole juu, awe tayari kuupokea mbali na kifua. Na aseme. Uwanjani kwetu sauti ni za lugha tatu kwa pamoja: mmoja anapiga kelele "ndi hano!" kwa Kirundi, mwingine "nipe kushoto!" kwa Kiswahili, mwingine kwa Kifaransa cha shuleni. Sijawahi kuwalazimisha wachague moja. Mtoaji anatambua sauti ya mtu kabla hajaelewa maneno.

Namna pasi inavyoweza kuiinua timu ndogo tuliiona kwa majirani zetu. Tarehe 17 Aprili 2016, Kenya ilicheza fainali ya mashindano ya wachezaji saba mjini Singapore dhidi ya Fiji, na Fiji katika raga ya saba ni kama wenye mchezo. Kenya, ikifundishwa na marehemu Benjamin Ayimba, ilishinda 30 kwa 7 na kutwaa taji lake la kwanza katika mfululizo wa dunia. Miezi minne baadaye Fiji hiyohiyo ilichukua dhahabu ya Olimpiki mjini Rio. Katika raga ya saba uwanja ni uleule wa wachezaji 15, mita 100 kwa 70, lakini watu hawafiki nusu. Kila mtu ana eneo kubwa la kulinda, na anayekimbia peke yake huchoka kabla ya kufika. Pasi moja inayotolewa kwa wakati wake, mlinzi akiwa amekwisha kujitupa, inazaa trai ya pointi tano. Kwa nchi yenye wachezaji wachache kama yetu, naamini raga ya saba ndiyo mlango wetu. Haidai wanaume 15 wenye miili mikubwa. Inadai mbio, mapafu, na mikono inayoaminika, na hivyo vyote Bujumbura vipo, kwa wavulana na kwa wasichana.

Fiji walitufundisha na jambo jingine: pasi ya aliyekwisha kukabwa. Sheria inamtaka mchezaji aliyeangushwa auachie mpira mara moja, lakini haimlazimishi auache tu chini. Anaweza kumpa mwenzake papo hapo, hata akiwa anaanguka, mradi asiupeleke mbele. Wafiji huufikisha mkono mmoja nyuma ya mgongo wa anayewakaba na kuuachia mpira kwa mtu ambaye hukumwona akija. Watoto wangu wanataka kuiga hilo kabla hawajajua kushika kwa mikono miwili. Nawakatalia, ingawa moyoni nafurahi kwamba wanalitaka.

Limebaki jambo moja ambalo linawachanganya wageni uwanjani. Mpira ukianguka chini watu hudhani kosa limefanyika na mchezo umesimama. Si lazima. Ukiponyoka mikononi ukaenda nyuma, au pasi ya nyuma ikamkosa mtu ikagonga ardhi, mchezo unaendelea na yeyote anayestahili anaweza kuuokota. Hata pasi iliyotoka mkononi kwenda nyuma, ikadunda vibaya na kuruka mbele kwa sababu ya umbo la mpira, si kosa, kwa kuwa mikono haikuutuma huko. Ni pale tu mpira unapoponyoka au kugongwa kwa mkono kwenda mbele, ukagusa ardhi au mtu mwingine kabla hujaudaka tena, ndipo skramu inapoitwa. Na mlinzi anayeupiga kofi mpira makusudi ili kuikata pasi ya wapinzani, mpira ukaenda mbele, bila kuwa na matumaini halisi ya kuudaka, anaadhibiwa kwa penalti na mara nyingine kwa kadi ya njano.

Jumamosi iliyopita pasi ndefu ilimkosa winga wangu ikaenda nyuma yake hadi karibu na mstari wa pembeni. Timu zote mbili zilisimama, wazazi wakasimama, kila mtu akanigeukia asikie filimbi. Binti wa Kinama hakusimama. Aliuokota, akakimbia katikati ya watu waliokuwa wananitazama, akaugusisha chini katikati ya nguzo, akanirushia mpira. Aliurusha mbele, na safari hiyo ilikuwa ruhusa, maana trai ilikuwa imekwisha kuingia.